Sura ya Sita: Marahaba Isiyo na Shikamoo

Neno la kwanza la Kituruki nililofundishwa na simu lilikuwa marahaba. Kwenye kioo liliandikwa merhaba, pembeni pakachorwa mkono unaopunga, na sauti ya mwanamke ikalitamka mara mbili taratibu. Nilikuwa ndani ya daladala la Mbagala, nimebanwa dirishani, hedifoni sikio moja tu ili nisipitishwe kituo. Nilishtuka. Nimelelewa na bibi mzaa mama, Tanga, na kwa bibi marahaba haikutoka kinywani mwa mtu mpaka kwanza aamkiwe. Sasa nafundishwa kwamba huko niendako watu wanaanza salamu kwa kiitikio.

Simu haikuwa na habari na mshtuko wangu. Ilinitaka nichague maana ya merhaba kwa Kiingereza kati ya maneno matatu. Nikabonyeza, kengele ikalia, nikapewa alama zangu, tukasonga mbele.

Naulizwa mara kwa mara, na wazazi, na wafanyabiashara, na vijana wanaotafuta nafasi za masomo nje, kama simu inaweza kumfundisha lugha ya kigeni mtu anayeanza sifuri. Jibu langu nalitanguliza, halafu nitaeleza nilivyolifikia. Inaweza kumfikisha mahali, na mahali penyewe si pa kudharau. Ila msemaji wa Kiswahili huachwa njiani mapema kuliko ilivyopaswa, kwa sababu programu nyingi kubwa humfundisha kana kwamba amezaliwa Uingereza.

Kituruki nilikianza kwa ajili ya dada yangu. Dada anauza nguo za kike Kariakoo, na mzigo wake anaufuata Istanbul, mtaa wa Laleli, mitaa ya maduka ya jumla katika sehemu ya zamani ya jiji. Alikuwa ameshakwenda mara sita. Safari ya saba aliniomba nimsindikize, nami nikaamua kwamba sitakwenda bubu. Nikapakua programu, nikajiwekea dakika kumi kila siku, na tulipotua nilikuwa na siku 143 mfululizo bila kukosa somo hata moja. Nilijiona nimejiandaa.

Asubuhi ya kwanza tuliingia duka la magauni. Muuzaji, kijana mwenye futikamba shingoni, alituletea chai kwenye vibilauri, akaniangalia, akauliza: "Kaç seri?"

Neno kaç nililijua. Ni ngapi. Nilikuwa nimelibonyeza mara zisizohesabika, lakini kila mara likiwa ndani ya sentensi za paka na matofaa. Una paka wangapi, kuna matofaa mangapi. Seri sikuwahi kulisikia. Laleli gauni moja haliuzwi. Huuzwa seri, yaani fungu la gauni lile lile kwa saizi zake zote. Nikaduwaa. Dada akajibu "İki", mbili, huku anapapasa kitambaa kingine. Kijana akataja bei, "on iki buçuk", dola kumi na mbili na nusu. Nilikamata kumi na mbili, na nilipokuwa bado naitafuta buçuk kichwani, wenzangu walikuwa wameshafika kwenye rangi.

"Abi, çok pahalı," dada akasema. Kaka, ghali sana. "Ben çok almak. İndirim yap."

Sentensi ile ya katikati ni mbovu. Ni kama kusema "mimi nyingi kununua". Programu yangu ingeipiga msalaba mwekundu na kunipunguzia moyo mmoja. Kijana yule alitabasamu, akashuka mpaka kumi na moja.

"Mdogo wangu," dada aliniuliza tulipotoka, "hiyo simu ilikuwa inakufundisha nini miezi yote ile?"

Jibu lilikuja mchana, kwenye duka jingine. Juu ya kaunta kulikuwa na kibao: Satılan mal geri alınmaz. Nikakisoma, nikakielewa, nikamfasiria: mali iliyouzwa hairudishwi. Dada alisimama akakitazama kwa muda. Mwaka mmoja kabla, duka fulani lilikataa kumbadilishia seri yenye zipu mbovu. Walibishana nusu saa nzima, akaondoka akiamini amedhulumiwa kwa kuwa mgeni. Maneno yale yalikuwa kwenye kuta za maduka mengi aliyoyaingia. Safari zote sita hakujua yanasema nini.

Kwa hiyo tulikuwa wawili, kila mmoja na nusu yake. Yeye alikuwa na masikio na ulimi. Mimi simu ilikuwa imenipa macho.

Macho hayo yalitoka wapi? Hapa programu zinastahili sifa, kwa sababu zimesimama juu ya elimu ya kweli. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu, baada ya kujifanya yeye mwenyewe mwanafunzi na mtihani kwa pamoja. Alitunga silabi zisizo na maana, akazikariri, kisha akajipima baada ya dakika, saa na siku kadhaa kuona zimebaki ngapi. Aliona kwamba kusahau kunakwenda mbio mwanzoni, halafu kunapungua kasi. Na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku mbalimbali yanashinda marudio yaliyorundikwa kikao kimoja. Mtoto wa madrasa anayedurusu sura za juzi kabla ya kupewa ya leo anafuata kanuni hiyo hiyo bila kumjua Ebbinghaus. Miaka ya 1970 Sebastian Leitner alipendekeza sanduku la kadi lenye vyumba: kadi uliyoipatia inasogea chumba cha mbele na kusubiri zaidi, uliyoikosa inarudi mwanzo. Mwaka 1987 Mpolandi Piotr Woźniak aliandika programu ya kompyuta yenye hesabu ya namna hiyo. Leo sanduku lile limo ndani ya simu. Neno unalolikosea linarudi kesho, unalolipatia linarudi wiki ijayo, na mashine haichoki wala haisahau zamu ya neno lolote.

Hakuna mwalimu mwenye wanafunzi arobaini anayeweza kumfanyia hivyo kila mmoja wao. Kwa maneno mia tano ya kwanza, kwa kuzizoea herufi kama ş na ç, kwa kusoma vibao, risiti na ujumbe mfupi, simu ni mwalimu mzuri, na nasema hivyo kwa kumaanisha. Gharama yake ni bando na uvumilivu.

Upungufu unaanzia kwenye namna ya kuuliza. Somo la simu, sehemu kubwa, linakutaka utambue: hapa kuna maneno manne, lipi ni sahihi, hapa kuna vipande vya sentensi, vipange. Kutambua ni kumwona mtu njiani ukajua sura yake. Mazungumzo yanataka jina lake, na analitaka mwenyewe, amesimama mbele yako, wala haweki majina manne mezani uchague. Pale Laleli sikupewa vipande vya kupanga. Halafu kuna kasi. Sauti ya kwenye simu inasubiri, inarudia ukiibonyeza, haina duka lenye kelele nyuma yake. Kituruki kina irabu nane, nasi tunazo tano. Ü yangu ilikuwa u tu, na simu iliipokea kwa miezi mitano na kunipongeza. Muuzaji wa kwanza niliyemtamkia üç, yaani tatu, aliinua vidole kuhakikisha.

Watafiti wamepima mambo haya, na kipimo kimojawapo kinanigusa kwa sababu kilihusu Kituruki chenyewe. Mwaka 2019 Shawn Loewen na wenzake wa Michigan State University, Marekani, walichapisha matokeo ya watu 9 waliojifunza Kituruki kwa programu ya Duolingo kwa muda wa muhula mmoja. Wote walipata kitu, na waliotumia saa nyingi zaidi walielekea kupata zaidi. Lakini walipopewa mtihani wa muhula wa kwanza wa Kituruki wa chuo kikuu, wengi wao hawakufikia alama ya kufaulu. Mwaka uliofuata Loewen alichapisha utafiti mwingine, safari hii wa Kihispania kwa programu ya Babbel. Walianza wanafunzi 85, wakamaliza 54, dakika kumi kwa siku kwa wiki 12. Kati ya waliomaliza, karibu wote waliongeza msamiati na sarufi, na asilimia 59 walipanda angalau ngazi moja ndogo katika kuzungumza.

Takwimu hizo mbili nazisoma pamoja. Kihispania kwa mwanafunzi wa Marekani ni lugha ya jirani. Kituruki kiko mbali. Simu iliwafaa zaidi wale ambao nusu ya njia walikuwa wameshatembea kabla ya kuiwasha. Na wale 31 walioishia katikati wasisahauliwe, maana hata tunapowasifu waliofika, wengi wetu ndio hao.

Umbali huo una vipimo. Foreign Service Institute, chuo cha serikali ya Marekani kinachowaandaa wanadiplomasia, kinakadiria kwamba Mmarekani anahitaji wiki zipatazo 30 za darasa la kutwa kwa Kihispania, 36 kwa Kiswahili na 44 kwa Kituruki. Wiki 44 za namna hiyo ni zaidi ya saa 1,000 za darasani. Dakika kumi kwa siku ni saa 61 kwa mwaka. Kwa mwendo huo saa 1,000 zinataka zaidi ya miaka 16. Nilipojumlisha siku zangu 143 nilizojivunia, zilikuwa saa 24 hivi. Siku moja na usiku wake.

Kwa nini basi nilijiona nimejiandaa? Kwa sababu simu ilikuwa inahesabu siku, nami nikaanza kuhesabu pamoja nayo. Usiku wa kuchoka nilifungua somo jepesi nililokwisha kulimaliza, nikabonyeza kwa dakika mbili ili mfululizo usikatike, nikalala na dhamiri safi. Wenye programu hizi wana sababu ya kuhesabu siku. Duolingo, iliyoanzishwa Pittsburgh na Luis von Ahn wa Guatemala na Severin Hacker wa Uswisi na kufunguliwa kwa watu wote mwaka 2012, iliingia soko la hisa la Nasdaq mwaka 2021, na moja ya tarakimu kuu inazowatangazia wawekezaji ni idadi ya watu wanaoifungua kila siku. Kukurudisha kesho ni kazi wanayoifanya kwa ustadi mkubwa, na mazoea ya kila siku ni kitu chema. Mwanafunzi ndiye anayepaswa kukumbuka kwamba kurudi na kujua ni vitu viwili.

Hayo yote yangesemwa na Mmarekani vilevile. Sasa nije kwenye letu.

Siku ya kwanza programu iliniuliza ninajua lugha gani ili inifundishie. Nikakitafuta Kiswahili kwenye orodha, hakikuwepo. Nikachagua Kiingereza kama wafanyavyo wenzangu wote, wala sikulifikiria tena jambo hilo mpaka usiku wa tatu wa Istanbul, nilipokaa hotelini na daftari la dada. Ni daftari la hesabu la shule, limekunjamana, na ndani yake ameandika maneno ya dukani kama anavyoyasikia, kwa tahajia yake, kila moja likiwa na Kiswahili chake mbele. Ukurasa mmoja ulikuwa hivi: dukan, duka. Hesap, hesabu. Renk, rangi. Pamuk, pamba. Chai, chai. Mal, mali. Sandik, sanduku. Saat, saa. Dakika, dakika. Sabun, sabuni. Bahshish, bakshishi.

Nilijifunza maneno hayo hayo kwa simu. Nilijifunza renk kupitia neno la Kiingereza lisilofanana nalo hata kidogo. Nilikariri kitap, defter, kalem kwa picha na marudio, wakati kitabu, daftari na kalamu vilikuwa mezani kwetu tangu darasa la kwanza. Kitap nayo ukiitia kiambishi kinachoanza na irabu, p inageuka b: kitabım, kitabu changu. Kitabu chetu kilikuwa kimejificha humo, hatua moja tu chini. Endelea: askari ni asker, akili ni akıl, hewa ni hava, dunia ni dünya, mahakama ni mahkeme, hakimu ni hakim, shahidi ni şahit, siasa ni siyaset, jamhuri ni cumhuriyet. Kituruki na Kiswahili vilikunywa kwenye visima vya Kiarabu na Kiajemi, kila kimoja kwa njia yake, na mtu wa Mombasa au Unguja anaanza Kituruki akiwa na mamia ya maneno mfukoni. Programu yangu haikuniambia hata moja kati ya hayo, maana ilidhani natoka London.

Msamiati ndio sehemu ndogo ya hasara. Salamu ya mitaani Uturuki ni Ne haber? Ne ni nini, haber ni habari. Habari gani! Simu iliifasiri kwa salamu ya vijana wa Kiingereza isiyotaja habari yoyote. Mturuki akimpita mtu anayefanya kazi humwambia kolay gelsin, kazi na ije kwa wepesi; Mtanzania hapo husema pole na kazi. Kwa mgonjwa au aliyepatwa na jambo husema geçmiş olsun, na liwe limepita. Sisi pole, ugua pole. Kiingereza hakina neno la kumwambia mtu anayefagia barabara, kwa hiyo somo lilinipa maelezo ya aya nzima juu ya utamaduni wa Waturuki. Sikuyahitaji. Nilihitaji neno moja, pole, na ningejua mara moja lini niseme na kwa uso gani.

Ndugu nao hivyo hivyo. Kituruki kinatenganisha amca, ndugu wa kiume wa baba, na dayı, ndugu wa kiume wa mama. Kwetu huyu ni ami au baba mdogo, yule ni mjomba, na hakuna mtoto anayewachanganya. Kiingereza kinawaita wote jina moja, na mimi, kwa kupitia Kiingereza, nilitoka somoni nikiwa nimewachanganya. Nenda kwenye nafsi: Kituruki kina o, nasi tuna yeye, mwanamume au mwanamke ni yule yule. Zoezi la simu lilinilazimisha kila mara nichague kama huyo daktari ni wa kiume au wa kike, swali ambalo Kituruki hakikuuliza wala Kiswahili hakiulizi.

Na vitenzi! Hapa ndipo nilipokasirika kwelikweli. Sitakuja ni neno moja lenye ukanushi, wakati na mtendaji. Kituruki husema gelmeyeceğim, neno moja lenye vitu vile vile, ila vimepangwa nyuma ya mzizi badala ya mbele. Yazmak ni kuandika. Yazılmak, kuandikwa. Yazdırmak, kuandikisha. Yazışmak, kuandikiana. Görmek ni kuona, na Waturuki wakiagana husema görüşürüz: tutaonana. Mwingereza anayeyaona haya kwa mara ya kwanza anahitaji wiki za kuzoea wazo lenyewe, kwamba kitenzi kinaweza kunyonyoka viungo na kuota vingine. Sisi tunanyambua vitenzi tangu tunanyonya. Hata ile sheria inayowatisha wanafunzi, ya irabu za kiambishi kufuata irabu za mzizi, kitaplar lakini defterler, tunayo nyumbani: pigia, fungia, katia, lakini somea na letea. Hakuna aliyetukalisha chini akatufundisha kwamba somia haisemwi. Somo la simu lilitumia vipindi vitano kunishawishi kwamba jambo hili linawezekana.

Udugu huu una mitego yake, na ni haki niiseme. Misafir ni mgeni, siye msafiri. Kitenzi cha Kituruki hukaa mwisho wa sentensi, na hapo Kiswahili hakitusaidii kitu. Mtego mkubwa ni saa. Saat kaç? ni saa ngapi, neno kwa neno, na saat ni saa kwa maana zote, ya ukutani, ya mkononi na ya muda. Nilisoma mlangoni kwamba duka linafunguliwa saat dokuz, nikamwambia dada saa tisa, tukapoteza asubuhi nzima, maana dokuz yao ni saa tatu yetu. Zama za Wasultani wa Osmani wenyewe walihesabu saa kuanzia jua lizamapo; Jamhuri ya Uturuki iliacha hesabu hiyo mwanzoni mwa 1926. Mtego wa namna hii hauwezi kuwekwa alama na mtunzi asiyejua kwamba upo. Mwingereza hatumbukii humo, kwa hiyo programu iliyotungwa kwa ajili yake haina sababu ya kuonya.

Mwalimu nayo ina habari yake ya kusikitisha kidogo. Waturuki walikuwa na muallim, ndugu yake kabisa. Baada ya kubadili hati mwaka 1928 na kuunda chama cha lugha mwaka 1932, walianza kuyaondoa maneno ya Kiarabu kwa wingi, na leo mwalimu ni öğretmen. Lakini wazee bado wanalielewa lile la zamani.

Nirudi kwenye yale makadirio ya wiki 44. Ni wiki za Mmarekani. Hesabu ya mtu wa Tanga ingekuwa nyingine, na naamini ingekuwa fupi, lakini kozi niliyopewa ilinivika umbali wa mtu mwingine na kunitembeza nao.

Siku hizi kuna programu za akili mnemba ambazo unaweza kuziuliza kwa Kiswahili zikakueleza Kituruki kwa Kiswahili. Nimezijaribu. Zinasaidia kwelikweli, hasa ukiziomba zilinganishe vitenzi, na zina subira ya kuzungumza nawe hata saa nane za usiku. Zinakosea pia, na kwa sauti ya uhakika ule ule, kwa hiyo anayeanza anahitaji mtu au kamusi ya kuzisahihisha. Bado ni nafuu kubwa kuliko mlango wa Kiingereza peke yake.

Tuliporudi Dar es Salaam tulifanya biashara, mimi na dada. Yeye alinipa daftari, mimi nikampa simu. Nikayaingiza maneno yake kwenye programu ya kadi ambayo humruhusu mtu aandike pande zote mbili mwenyewe: upande mmoja Kituruki, upande wa pili Kiswahili, bila Kiingereza popote. Nikaweka sentensi za dukani badala ya paka na matofaa. Kaç seri. Hangi renk. Son fiyat ne kadar. Kwenye kila kadi nikarekodi sauti ya rafiki Mturuki anayeishi Upanga, kwa kasi yake ya kawaida, na nikajiwekea sharti la kujibu kwa mdomo kabla ya kugeuza kadi. Dada anajifunza kusoma vibao. Kila Jumamosi tunampigia rafiki yule kwa dakika ishirini, tunakosea, anatusahihisha. Dakika ishirini hizo zinanifaa kuliko wiki nzima ya kubonyeza, ila bila ile wiki ya kubonyeza nisingekuwa na maneno ya kukosea.

Yanayobaki si kazi ya mtu mmoja mwenye daftari. Tangu mwaka 2017 mgeni anayejua Kiingereza anaweza kujifunza Kiswahili kwenye Duolingo, na kozi ile ilijengwa kwa kazi ya watu waliojitolea. Mlango wa kuingia kwetu upo. Tunahitaji wa kutoka. Mabaraza ya Kiswahili BAKITA na BAKIZA, taasisi ya TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, vyuo vya Nairobi na Mombasa, mna wataalamu wanaojua kunyambua kitenzi kuliko mtunzi yeyote wa programu huko Ulaya au Marekani. Tuandalieni maneno elfu moja ya kwanza ya Kituruki kutoka Kiswahili, yenye mitego iliyowekwa alama na vitenzi vilivyowekwa bega kwa bega, kisha Kichina, kisha Kijerumani. Yachapeni bure, wenye kutengeneza programu wayachukue. Wanaokwenda Istanbul na Guangzhou kufunga mzigo hawatangoja wajue Kiingereza kwanza. Wengi wao hawakukipata shuleni na hawatakipata sasa.

Nawe msomaji unayeanza wiki hii, pakua programu uipendayo, lakini kwanza nunua daftari. Ukurasa wa kwanza andika merhaba, mbele yake andika marahaba, na chini yake jikumbushe kwamba huko haingoji shikamoo.